Mbuzi Aliyekula Matendo Yetu Mema

Nakumbuka asubuhi ile mbuzi wa bibi yangu alipoingia kanisani akala Noeli yetu yote. Unacheka? Cheka tu, mwanangu, hata mimi siku hizi nacheka nusu. Lakini weka hiyo simu chini, hizo ndizi utazimenya baadaye, uje ukae hapa karibu na mafiga. Mimi sitakaa. Tangu jana jioni sitaki kigoda, natoka naingia, naingia natoka, mpaka kuku wananishangaa. Na sababu ni wewe.

Jana nilikuwa hapo nyuma ya jiko nachagua maharage, nikakusikia unamwambia mjukuu wangu Devota: "Usipokuwa na adabu, baba yako haji Krismasi." Ulikuwa umechoka, najua. Umetoka Nyarubungo na basi, umebanwa na mizigo ya watu, mtoto kaburuza kanga yako matopeni, na mumeo yuko na lori lake ng'ambo ya mpaka wa Kabanga na simu yake haipatikani. Neno lilikutoka tu. Ulimi hauna mfupa. Lakini je, umemtazama mtoto tangu hapo? Mimi nimemtazama. Ameosha vikombe, kisha akaviosha tena vikiwa safi. Leo asubuhi nimemkuta anafagia uwanja ambao nilikuwa nimekwisha kuufagia mwenyewe. Na wewe ukaniambia kwa furaha, "Mama, umeona Devota alivyotulia?" Haya, nimeona. Ndiyo maana sikai.

Sikugombezi. Ngoja, nitakugombeza, lakini mwishoni. Kwanza nisikilize.

Ulikuwa mwaka ule wa vita vya Kagera. Mimi nilikuwa mtoto wa kama miaka tisa, hapa hapa Ntobeye. Miaka michache kabla ya hapo walikuwa wametutoa kule mabondeni, tulikokaa kila mtu na migomba yake, wakatupanga katika kijiji cha ujamaa, nyumba kwa nyumba, mstari mmoja kama watoto wa shule wakati wa paredi. Bibi yangu, mama yake baba, hakuupenda ule mstari hata siku moja. Alikuwa akisema kwamba akikohoa yeye, jirani ndiye anayetema. Zamani alikuwa na ng'ombe wenye pembe ndefu. Magonjwa na kuhamahama vikamwachia mbuzi mmoja tu, jike, mwekundu, naye akampa jina la ng'ombe: Bihogo. Watu walimcheka, "Bibi, umekamua ng'ombe wako leo?" Yeye akajibu, "Nimekamua, leta kibuyu." Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kubishana nawe.

Kitu kingine alichokataa kukiacha kule bondeni ni mtumbwi. Ninyi mkisikia mtumbwi mnafikiri ziwa. Huu wetu ni gogo kubwa lililochongwa tumbo, ndimo tunamotia ndizi mbivu pamoja na nyasi, wanaume wakazikanyaga mpaka maji yake yatoke, na maji hayo ndiyo yanayokuwa pombe. Baba yangu ndiye aliyekuwa mkanyagaji. Aliosha miguu mpaka magotini, akaisugua kwa jiwe, akaingia mtumbwini huku anaimba, nami nikiwa nimeshika ukingo namtazama vidole vya miguu. Mpaka leo nikitaka kuikumbuka sura yake inanikimbia, lakini ile miguu naiona. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na kucha.

Basi yule nduli wa nchi jirani akavuka mpaka na jeshi lake kule kaskazini, redio ya ofisi ya kijiji ikawa inazungukwa na watu kama chungu cha msibani, na wanaume wa mgambo wakaitwa. Baba akaondoka na lori pamoja na wenzake. Alinishika kichwa akasema, "Staza, usimsumbue mama yako." Lori likapanda mlima, likashuka upande wa pili, na mtumbwi ukabaki umefunikwa nyuma ya nyumba kwa sababu hapakuwa tena na miguu ya kukanyaga ndizi.

Ngoja nitazame njia. Nilidhani nimesikia lori. Hapana, ni mashine ya kusaga.

Tulipokaribia Noeli, katekista wetu Barnaba alikuja kwa bibi na ombi. Barnaba alikuwa kijana mpole, mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, ndiyo maana hakuchukuliwa mgambo, na nadhani lilimwuma hilo. Alitaka kutengeneza pango la mtoto Yesu katika kigango chetu, kile kikanisa cha udongo na paa la nyasi, lakini hakuwa na hori. Na hori angelitoa wapi? Ng'ombe wa kwetu hula mlimani, nani amewahi kuwachongea sahani? Akauona mtumbwi. Bibi hakuwa amebatizwa, alikuwa na mambo yake ya wazee, lakini alipoambiwa kuna mtoto hana pa kulala alisema, "Chukueni. Mtoto wa mtu asilale chini." Wakaubeba kanisani ukiwa bado unanukia ndizi.

Sasa Barnaba akatufundisha sisi watoto jambo jipya. Kila mmoja wetu akifanya tendo jema, achume unyasi mmoja aje auweke horini. Matendo yakiwa mengi, mtoto Yesu atalala pazuri. Yakiwa machache, atalala juu ya mti mtupu. Wazo lenyewe si baya, mwanangu, na silitukani. Kijiji kilikuwa kimejaa huzuni, sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo mpya ya sikukuu ndiyo usiulize kabisa, basi angalau watoto wawe na la kufanya. Tulikimbia huku na huku. Yule anamtekea bibi yake maji, huyu anamrudishia mwenzake gololi aliyomwibia, halafu wote mbio na nyasi mkononi. Kwa siku chache za mwanzo nilicheka kuliko wote.

Halafu nikamwaga chumvi.

Chumvi ya mwaka ule si hii ya kwenu ya kununua huku unaongea na simu. Mama alikuwa amepanga foleni duka la kijiji tangu majogoo, akapata kidogo kwenye karatasi, nami nikaipiga kikumbo nikicheza, ikaingia yote jivuni. Mama alisimama akaitazama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alisema taratibu, huku anachambua jivu kwa vidole: "Wewe endelea tu. Ukilijaza lile hori, baba yako atakuja Noeli. Usipolijaza, tutajua ni nani aliyemzuia."

Akamaliza, akaendelea na jivu lake. Kwake yalikuwa maneno ya mtu aliyechoka, yalipita kama chafya. Kwangu hayakupita. Niliyabeba yote kama yalivyo.

Tangu siku hiyo sikucheza tena. Kulikuwa na mzee mmoja jirani, mtu wa asili ya Burundi, mgongo umempinda, nilimtekea maji asubuhi, nikamtekea mchana, mpaka akaniambia, "Mwanangu, mtungi umejaa, unataka nifuge samaki?" Nilimwachia mdogo wangu maharage yangu, nikalala na njaa, asubuhi nikapeleka unyasi. Nilimpigia goti kila mtu mzima niliyekutana naye njiani, shikamoo, shikamoo, mpaka magoti yakatoka vidonda. Na kila unyasi nilioweka, mtumbwi ule ulionekana kuzidi kuwa mrefu. Niliota nauona una ufa chini na nyasi zote zinavuja.

Nakueleza wazi: nilikuwa na hofu. Nilikuwa nikisikia redio ikitaja mstari wa mbele wa vita, najisemea, leo sijaweka nyasi za kutosha, leo watampiga. Mtoto wa miaka tisa, namlinda mtu mzima kwa nyasi.

Na watu wazima wakanisifu! Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Barnaba alinisimamisha mbele ya watoto wenzangu akasema mfuateni Staza. Wanawake kisimani walimwambia mama, "Umejaliwa, wetu wanatutia wazimu." Mama akafurahi, alikuwa na haki ya kufurahi kidogo mwaka ule. Ni bibi peke yake ambaye hakunisifu. Alinitazama nikipita na ndoo, akamwambia mama: "Mtoto huyu hajavunja kitu tangu mwezi uandame. Ni mgonjwa, mpeni dawa." Mama akadhani anatania.

Ikafika asubuhi ya mkesha wa Noeli. Hori lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, lilikaribia kufurika. Nilikuwa nimelijaza zaidi mimi, kila mtu alijua. Niliamka mapema, nikachuma unyasi mmoja mrefu wenye umande, wa mwisho, nikaenda kanisani nikijua kwamba nikiuweka huo lori litatokea mlimani. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia baba: karibu, nimekujazia.

Mlango wa kigango ulikuwa wa mabua tu. Ulikuwa umesukumwa. Ndani, miguu ya mbele imo mtumbwini, kichwa kimezama, mkia unacheza, alikuwa Bihogo.

Alikuwa amekula zote. Mwanangu, zote! Si unajua mbuzi na harufu ya ndizi? Alikuwa amefika mpaka kwenye mti wenyewe, anaulamba, na alipoinua kichwa kunitazama unyasi mmoja ulikuwa unaning'inia mdomoni, nao ukapanda taratibu ukaingia.

Barnaba akaja na watoto waliokuwa wamebeba majani ya migomba ya kupambia. Akapiga kelele. Watu wakatoka kwenye ule mstari wa nyumba, na bibi naye akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni kwa sababu hakuwa na desturi ya kuingia.

"Bibi," Barnaba akasema, karibu kulia, "mbuzi wako amekula matendo mema ya watoto!"

Bibi akachungulia. Akamwona Bihogo, akauona mtumbwi wake mtupu, akaanza kutikisika kwa kicheko. "Kwani horini huwa mnaweka nini huko kwenu kwa mapadri? Si chakula cha mifugo? Basi mfugo umekuja, umekula. Kuna kosa gani?" Watu wakacheka, hata Barnaba mdomo ukamcheza.

Mimi sikucheka. Nilimrukia Bihogo nikamshika pembe, nikampiga ngumi za tumbo, nampigia kelele, "Tapika! Tapika, zirudishe! Baba atakufa! Tapika!"

Kicheko kikakatika. Mbuzi alikuwa analia, mimi nalia, nami namtia vidole mdomoni nizitoe nyasi zile. Bibi akaingia kanisani, yeye asiyeingia, akanishika kiuno akaniinua. Nilikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, nilimsikia akishtuka.

"Nani amekwambia baba yako atakufa?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kisimani, mtungi bado uko kichwani. Akasema, "Mimi? Mimi nilisema lini?" Na kweli hakukumbuka. Nikamwambia: siku ya chumvi. Nikayarudia maneno yake yote, mpaka ile "tutajua ni nani aliyemzuia". Mama akautua mtungi chini, polepole, akashika mdomo wake.

Bibi hakupaza sauti. Alisema kwa Kihangaza, lugha yetu, mimi nakupa kwa Kiswahili lakini uzito wake siuwezi: "Mke wa mwanangu, serikali ilichukua wanaume wenye ndevu, na hata hao iliwapa bunduki. Wewe umempeleka vitani mtoto huyu, na silaha uliyompa ni unyasi."

Kisha akamgeukia Barnaba. "Na wewe, mwana wa watu. Ulimwona hachezi. Ulimwona anakonda. Ukampigia makofi. Kwetu mtoto mwema tunamjua kwa kelele. Akinyamaza tunamshika kipaji cha uso tuone kama ana homa."

Barnaba aliinama, akakaa kwenye benchi na ule mguu wake mfupi ukining'inia. Nilimwonea huruma hata wakati ule. Alikuwa na nia njema. Wote walikuwa na nia njema, ndilo jambo linalotisha katika hadithi hii.

Bibi akakaa chini, mgongo kwenye mtumbwi, akanipakata. Akaniuliza: "Yale maji uliyompelekea mzee jirani, aliyanywa?" Nikasema aliyanywa. "Mbuzi ameyatoa tumboni mwa mzee?" Nikasema hapana. "Maharage uliyompa mdogo wako, alishiba?" Alishiba. "Mbuzi amemrudishia njaa?" Hapana. "Basi matendo yako yako kule kule ulikoyafanyia. Hapa palikuwa na nyasi tu, mjukuu wangu, na nyasi ni za kula mbuzi." Nikamuuliza: na baba? Hakusema atarudi. Alimwita mama kwa mkono, akamwambia, "Mjibu wewe. Mjibu ukweli."

Mama alipiga magoti mbele yangu, pale kwenye vumbi, mtu mzima mbele ya mtoto. Akasema, "Sijui kama baba yako atakuja. Hata mimi sijui. Nami naogopa, Staza. Lakini vita si vyako. Hukuvileta, huwezi kuvizuia, na baba yako hakukuachia kazi hiyo." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtu mzima akisema anaogopa. Ungetegemea nizidi kuogopa, sivyo? Wala. Nikalegea, nikajikojolea hapo hapo mapajani mwa bibi. Ndiyo, cheka. Bibi alisema tu, "Haya, huyo sasa amepona," akasimama akakung'uta nguo yake.

Kisha akanipa adhabu. "Leo ni marufuku kwako kufanya jambo lolote jema. Nikikuona na ndoo, fimbo hii hapa. Nenda kacheze."

Nilikuwa nimesahau jinsi ya kucheza, nilisimama mlangoni kama mgeni. Wenzangu wakanivuta mkono. Kulikuwa na mteremko nyuma ya shule, tukakata magome ya mgomba, yale ya majimaji, tukayakalia na kuteleza mpaka chini, kupanda na kuteleza tena, tukipiga mayowe. Mara ya sijui ngapi nikapiga kisiki, na gauni langu likachanika kuanzia kwapani hadi pindoni. Gauni lenyewe lilikuwa ndilo hilo hilo, la shule, la kanisani na la Noeli ya kesho. Nilirudi nyumbani nimeshika vipande viwili.

Mama alikuwa anafua. Akaniona. Mkono wake ulipanda juu, niliuona, wenye povu la majivu kwa kuwa sabuni hapakuwa. Ukakaa hewani. Halafu ukashuka, akasema, "Leta sindano iko kwenye kibuyu." Alinigombeza wakati wote anashona, usidhani hakunigombeza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama yangu hakuwa mcheleaji. Alinifokea kwa sababu ya gauni, na baada ya gauni akanyamaza. Nilijua ninachofokewa. Nilijua pia kitakwisha uzi ukikatwa.

Siku ya Noeli yenyewe watoto walitandika nyasi mpya horini, kila mtu alileta alichotaka, hakuna aliyeuliza za nini. Bihogo alifungwa kwa kamba mbili. Baada ya ibada nilikwenda kukaa pale njia inapopanda mlima, na mama akaja na ndizi za kuchoma kwenye jani, akakaa nami. "Tungoje wote," akasema. Tukangoja. Lori halikuja. Nililia, mama naye akalia, tukala zile ndizi huku tunalia, kisha kukawa na baridi tukarudi nyumbani. Ilikuwa Noeli ya huzuni, siwezi kukudanganya. Lakini ilikuwa huzuni yetu sote, mimi nilipewa sehemu yangu tu, ndogo, inayonitosha.

Subiri kidogo. Sitaki kutia machozi kwenye ndizi zako.

Habari ilikuja wakati wa masika, tukipalilia mahindi ya shamba la kijiji. Mimi na watoto wengine tulikuwa mwisho wa shamba tunafukuza ndege. Nikamwona balozi wetu wa nyumba kumi amesimama na mtu wa sare kule juu, anaongea na mama. Nikaona jembe la mama linaanguka. Na mwanangu, mama yangu hakulia pale. Watu wa pale wakasimulia baadaye kwamba wanawake walimshika ili akae chini, naye akawasukuma. Alikuja kwangu mbio, anakanyaga mahindi ya kijiji, kitambaa cha kichwa kimemdondoka, mbio kama mtu anayewahi mtoto asiangukie moto. Akanishika uso kwa mikono yote miwili yenye udongo. Na kabla hajaniambia jambo lenyewe, kabla hata hajalilia lake mwenyewe, alisema: "Si wewe. Unasikia, Staza? Si wewe. Si nyasi, wala si mbuzi. Si wewe."

Ndipo akaniambia kwamba baba amekufa. Ndipo akapiga ukunga.

Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na mpaka leo nikijiuliza mama yangu alinipenda kiasi gani, naiona ile njia aliyoifungua katikati ya mahindi. Na najiuliza: je, mbuzi yule asingeingia kanisani? Hori lingejaa, baba asingekuja, na masika habari ile ingenikuta ningali naamini. Ningeibeba mpaka kaburini kwamba baba yangu nilimwua mimi kwa kumwaga chumvi. Mama asingejua hata cha kuniondolea. Mwenye kovu usidhani amepoa, wamesema wahenga, na kovu lisiloonekana nani atalipaka mafuta?

Sasa nakugombeza.

Wewe ni mama mwema, Editha, nami nimekulea, najua. Lakini usiuze kitu kisicho chako. Ahadi ni deni. Kuja kwa mumeo si kwako, ni kwa barabara, ni kwa askari wa mpakani, ni kwa Mungu. Utampaje mtoto alipie? Mtoto akikosa, mwonye kwa kosa lenyewe, siku hiyo hiyo, kisha uliache hapo. Kaburuza kanga matopeni? Mpe aifue. Usiichukue kanga ukaifunga shingoni mwa baba yake. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini kuna kukunja na kuna kuvunja. Na Krismasi isiwe fimbo. Mtoto yule wa horini alikuja kabla hatujatenda jema lolote. Hilo hata bibi yangu ambaye hakubatizwa alilielewa haraka kuliko sisi tuliokuwa na rozari shingoni.

Na mtoto wako akiwa mwema ghafla, usishukuru upesi. Mshike kipaji cha uso. Muulize anaogopa nini. Akikuuliza baba atakuja lini na wewe hujui, sema hujui. Mtoto ana uwezo wa kungoja na mtu. Kungoja peke yake ndiko kunakomla.

Basi inuka, ndizi niachie mimi. Devota yuko pale kwenye karo anaosha vikombe kwa mara ya tatu, nimemwona dirishani. Nenda upige magoti. Mwambie kwamba simu ya baba yake haipatikani na hata wewe una wasiwasi, na kwamba akija amekuja, akichelewa amechelewa, na si kwa sababu yake. Anza na hilo, kabla ya lingine lolote: si wewe. Halafu mfukuze akacheze, kule nyuma nimemkatia gome la mgomba.

Nenda, na Mungu aliyemlinda mama yangu katika yale mahindi akulinde na wewe. Akujalie nyumba yenye kelele. Akupe watoto watakaokuchania nguo na kukuzibia njia kwa michezo, wakukimbilie wakikosa badala ya kukukimbia. Amfikishe mumeo salama, leo au atakapopenda Yeye. Na mimi nisogezee kigoda hicho. Nikisikia kikombe kimevunjika huko nje, nitakaa.